Fungate ya Paka, Mpendae

"Karatasi imesema chumba chao peke yao, Mama," alisema Sumaiya. "Haikusema wao na kizee."

"Kizee nani?"

"Nimesema mzee."

"Mie nimesikia kizee. Masikio yangu yamo yote mawili, hayajakatwa ncha kama ya hao wanao."

Bi Riyama alikuwa amekaa juu ya godoro lake la sufi, katikati ya ukumbi, miguu ameinyoosha mbele kama mtu aliyekuja kutazama ngoma. Mkaza mwana wake, Sumaiya, kamsimamia kwa juu, ufagio mkononi. Hafiz, mwana mwenyewe, alikuwa mlangoni mwa jikoni akifuta sahani moja iliyokwisha kauka tangu adhuhuri. Hafiz akiona wanawake wawili wanagombana hutafuta chombo cha kufuta. Ndivyo alivyo tangu mdogo, na nyumba yake haijapata kuwa na sahani chafu.

"Mkaguzi anakuja saa kumi," alisema Sumaiya. "Saa hizi ni tisa na nusu, na ukumbi wangu una godoro."

"Ukumbi wako una godoro mwezi wa nne huu. Leo ndiyo umeliona?"

Mkaguzi huyo si wa umeme wala wa maji. Ni mkaguzi wa paka.

Huko Mtoni kuna watu wamefungua nyumba ya kuokoa paka. Huwazoa sokoni na bandarini, wakawaosha, wakawadunga sindano, wakawapasua ili wasizae, wakawapunguza ncha ya sikio iwe alama, kisha wakawatafutia watu wa kuwalea. Bi Riyama, katika miaka yake sabini au themanini, alijua njia moja tu ya kupata paka: anaingia kwa miguu yake, anaiba kipande cha samaki changu, unamtupia kandambili, na tangu siku hiyo ni wako. Kumbe siku hizi paka huposwa. Mtu hupeleka maombi, akapewa karatasi kurasa nne, akaulizwa: Je, katika nyumba yumo mwenye hasira? Je, paka atakaa saa ngapi bila mtu? Je, mkihama, mtahama naye?

Siku Sumaiya alipoyasoma maswali hayo kwa sauti, Bi Riyama aliacha kuchagua mchele.

"Mie nimeolewa mara tatu," alisema, "na mara zote tatu hapana aliyeuliza kama bwana ana hasira. Niulizieni huko Mtoni wanapokea watu wa umri gani."

Walikuja paka wawili, jike jeupe na dume la kijivu lenye jicho moja, kila mmoja na kitabu chake. Kitabuni mna jina, tarehe ya kuzaliwa, sindano alizodungwa na sahihi ya daktari. Jike ni Bela, dume ni Oska. Bi Riyama yeye hana kitabu. Kazaliwa mwaka wa mvua kubwa, na mvua kubwa Unguja zimekuwa nyingi, ndiyo maana umri wake hupanda na kushuka kwa kutegemea nani anauliza. Hakuwaita Bela wala Oska. Jike alilipachika jina la Bi Harusi, kwa weupe wake na kwa kushinda kutwa akijilamba, na dume akaliita Mpambe, maana halikujua kazi nyingine ila kumfuata mwenziwe nyuma.

Hayo yote angeyameza. Kilichomkwama kooni ni chumba.

Paa la nyumba yake ya Sokomuhogo lilipoporomoka kwa mvua za masika, Hafiz alikwenda kumchukua kwa gari ya kukodi, akamleta hapa kwake Mpendae, yeye na kasha lake na mkeka wake na hilo godoro. "Chumba cha nyuma ndicho chako, Mama," alimwambia, na akamfungulia akione: kina dirisha, kinaingia upepo, kinaona mpera wa jirani. "Kinataka rangi tu." Basi Bi Riyama akalala ukumbini kungoja rangi. Rangi ikachelewa kwa kuwa fundi kenda Pemba. Kisha ikachelewa kwa kuwa fundi karudi, ila ndoo yake kaiacha Pemba. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ikaja karatasi ya Mtoni kusema kwamba paka wanahitaji chumba kitulivu, kisafi, chenye dirisha, na kile chumba kikapakwa rangi kwa siku mbili. Hafiz alikipaka mwenyewe, rangi ya samawati. Wakawekewa kikapu chenye mto, bakuli mbili na sanduku la mchanga wa kunyea, na mchanga wenyewe umenunuliwa dukani, katika kisiwa ambacho mchanga ndio unaotushika miguu tusiende haraka.

Bi Riyama aliyatazama yote kutoka godoroni pake, akaendelea kuchagua mchele. Hapo ndipo walipotakiwa kuogopa.

Maana huyu, kabla magoti hayajamkataa, alikuwa somo. Mabinti wa nusu ya mji kawafunda yeye. Kawasinga mwili kwa singo la kunukia, kawafukiza udi, na siku saba za fungate kakaa nao ndani, yeye na mwari, mlango umefungwa, chakula kinaletwa kimefunikwa kawa. Na kabla ya harusi, wazazi wa binti walikuwa wakimtuma yeye kwenda kwa mume kuangalia nyumba. Mambo ya ukaguzi anayajua kuliko huyo anayekuja na faili.

"Nilitumwa nyumba moja hapo hapo Mtoni," alianza sasa, kana kwamba ukutani hapana saa.

"Mama, si leo."

"Kitanda cha samadari, mapazia ya hariri, kabati la kioo. Nikakaa, nikaletewa kahawa. Mara anaingia mzee, hana hodi, anavua kofia, anapanda kitandani, analala. Kumbe kitanda chake. Wamekiazima asubuhi, wakasahau kumwambia asije kujinyoosha mchana. Hajakoroma vizuri akaja mwenye mapazia. Akaja wa kabati. Kufika alasiri nyumba nyeupe, nimebaki mie na bwana harusi, na mwenye kiti nilichokikalia kasimama mlangoni anangoja niinuke."

"Mwaka jana kilikuwa kitanda tu," alisema Hafiz kutoka jikoni.

"Mwaka jana ulikuwa hujanilaza ukumbini. Futa sahani."

Sumaiya aliuegemeza ufagio ukutani. Alikuwa na sababu ya kutoka jasho. Meneja wake hotelini, kule Shangani, ndiye anayewasaidia wale watu wa Mtoni, na Sumaiya alikwisha mpelekea picha thelathini: Bela juu ya zulia, Bela dirishani, Oska kapigwa upande wenye jicho. Godoro halimo hata katika picha moja. Bi Riyama naye hamo. Mkaguzi akiandika vibaya, paka wanarudishwa, na Jumatatu Sumaiya ataingia kazini hajui uso auweke wapi.

Na palikuwa na kile kifungu cha mwisho cha karatasi. Mahali watakapokutwa wamelala, mkaguzi atapapiga picha, na ndipo patakapokuwa pao. Pasibadilishwe kitu mwaka mzima, na yeye atarudi siku yoyote, bila kupiga simu. Kifungu hicho Bi Riyama alisomewa mara moja tu, mwezi uliopita, akichagua mchele. Hajui alifu wala bee, lakini neno likimwingia sikioni halitoki.

"Mama," Sumaiya alilegeza sauti, "tufanye hivi. Godoro tulipeleke kwa jirani kwa nusu saa. Akikuuliza unalala wapi, mwambie una chumba chako."

"Kipi?"

"Chochote."

"Niseme uongo."

"Si uongo mkubwa."

"Mwanangu, mie uongo nshasema wa kila namna. Nshawaambia watoto wa Mkunazini nimemwona pweza Forodhani, kapanda ngazi mwenyewe, anaulizia bei ya nduguze. Lakini kila uongo niliosema ulikuwa wangu. Huu wako sitauweza." Alijifunika kanga vizuri mabegani. "Nitamwambia kweli. Nitamwambia, karibu mwanangu, mle ndani wanalala paka, na hapa njiani nalala mie, na mie sindano sijadungwa na kitabu sina, hebu nikague na mie."

Sahani ilitua juu ya meza. Hafiz hakuchukua nyingine.

"Sumaiya," alisema, "tulitie godoro chumbani."

"Karatasi imesema..."

"Karatasi imesema paka wakutwe chumbani," alidakia Bi Riyama. "Wamo?"

Wote watatu walikuwa wakiwaona. Bi Harusi alikuwa amejikunja nyuma ya mgongo wa bibi, tumbo juu. Mpambe alikuwa kwenye pindo la godoro, pua kaichomeka kwenye mshono, jicho lake moja amelifumba kwa raha. Wiki ya tatu sasa ni hivyo. Sumaiya akiwafungia katika chumba cha samawati hulia kama wanachinjwa na kuuparua mlango, akiufungua hutoka mbio mpaka godoroni. Kawabembeleza kwa maziwa, kawanunulia mpira wenye kengele. Mpira uko chini ya friji.

"Mwari hakai ndani bila somo wake," alisema Bi Riyama. "Haya yalikuwa yanajulikana hata kabla ya hizo karatasi. Mnamfungia peke yake, analia, mnasema ana kiburi."

"Hao ni paka, Mama."

"Na chumba mmewapa cha mtu."

Hapo Sumaiya aliitazama saa, akamtazama mumewe, na mumewe, kwa mara ya kwanza tangu harusi yao, hakutazama chini. Ilibaki dakika kumi na mbili.

"Mshike kichwani," Sumaiya alimwambia. "Mie nashika miguuni."

"Mnamshika nani kichwani?" aliuliza Bi Riyama.

"Godoro, Mama. Inuka."

Aliinuka kwa madaha, akashikilia ukuta, akajipangusa. Wakalibeba godoro: Hafiz mbele akienda kinyumenyume, Sumaiya nyuma, Bi Harusi kanyoosha mkia akifuata, Mpambe nyuma ya Bi Harusi, na Bi Riyama mwisho, ufunguo wa kasha umefungwa pindoni mwa kanga, akivumisha kigelegele kidogo, cha ndani ya mdomo, cha kumuudhi mtu mmoja tu. Mlango wa mbele waliuacha wazi ili ukumbi upate hewa.

Wakaliweka chini ya dirisha. Kikapu chenye mto kikasukumwa pembeni, kikaonekana kidogo kama kibanda cha mlinzi. Bi Riyama akakaa, akaegemea ukuta wa samawati, akautazama mpera. Kabla hajanyoosha miguu, paka wote wawili walikwisha kuwa juu yake.

"Pazuri," alisema. "Mmechelewa kidogo kupaka, lakini pazuri."

Sumaiya hakumsikia. Alikuwa amesimama palepale alipouachia upande wa miguuni, mikono kaileta puani. Akanusa. Akanusa tena. Akapiga magoti, akalifuata lile pindo kwa kidole, mpaka alipofika pale Mpambe alipopenda kuchomeka pua. Godoro lote limeshonwa kwa uzi mweupe wa zamani, uliokwisha geuka manjano. Pale, kwa urefu wa shubiri moja, palikuwa na uzi mpya mwekundu, wa juzi juzi, mishono imekazwa kwa ufundi wa mtu aliyewashonea wari mito ya asumini miaka hamsini.

Alibonyeza. Ndani pakalia kakaka, kama majani makavu.

"Mama," alisema polepole, "zile dagaa zangu kavu za kwenye kopo, nilizokuuliza ukaniambia zimepanda ngazi zenyewe kama pweza..."

"Sumaiya," alisema Hafiz.

"Ngoja. Mama, humu ndani ya godoro umeshona nini? Tangu lini hasa umekuwa ukiwa..."

"Sumaiya."

Mlangoni mwa chumba alikuwa amesimama Abdulrazak, mkaguzi wa Mtoni, hodi yake ya tatu ingali mdomoni, faili kalibana kwapani na simu kaielekeza chini ya dirisha, picha imekwisha pigwa.