Ukili Ndani ya Ukuta

Kwanza niliisikia: shrr, shrr, sauti ya ukindu ukichanwa kwa ukucha. Macho yangu yalikuwa mazito kwa malaria, na dawa yake, klorokwini, ilikuwa ikiniwasha mwili mzima kana kwamba nimelala juu ya siafu. Nilipoyafumbua, chumba kilikuwa kinaelea. Mwanga wa ziwa uliingia kwa dirisha la nyumba yetu mtaani Igogo, ukacheza kwenye mabati kama samaki wadogo. Chini yake mama alikuwa akisuka mkeka. Dada yangu alikuwa amekaa mbele yake, begi lililojaa mitumba likiwa ubavuni.

Dada alikuwa amemaliza chuo kikuu Dar es Salaam, akapata nafasi ya kusoma zaidi Ulaya. Tiketi ilikuwepo. Alichokosa ni neno moja la mama, nenda, na mama alikuwa ameapa kutolitamka mpaka aelewe ni kitu gani hicho kisichosomeka hapa nyumbani.

"Haya, nieleze tena," mama alisema. "Na Kiingereza chako kiache hapo nje."

"Mama, ndani ya chembe za mwili wako kuna vyumba vidogo mno vinavyotupa nguvu. Vinaitwa mitokondria. Ukuta wake wa nje ni wa mafuta, na una matundu ya kupitishia vitu. Kila tundu ni protini."

"Na hilo tundu linatengenezwa humo humo chumbani?"

"Hapana, nje, kwenye maji ya chembe. Linaanza likiwa uzi mrefu. Kuna protini nyingine zinazolisindikiza njiani lisijikunje ovyo, maana linaogopa maji."

"Limezaliwa majini na linaogopa maji!" Mama alinielekezea kidevu. "Kama huyu wetu akiona karai la kuogea."

Walicheka. Mimi pia nilicheka, au nilidhani nimecheka.

Dada akachukua kipande cha ukili, ule utepe uliosukwa wa kushonea mkeka, akakikunja mpaka ukingo wa kwanza ukagusa wa mwisho. Kikawa pipa dogo lisilo na kitako. "Umbo lake ni hili. Ule uzi unajikunja, mikunjo inalala ubavu kwa ubavu, wa kwanza unaushika wa mwisho."

Pipa lile lilitoka mkononi mwake likaja kwangu. Niliona ukuta wetu ukilainika kama samli, mapipa yakija kutoka ziwani, yakibisha hodi, na kila lililoitikiwa likizama ukutani na kuacha kitundu cha mwanga.

"Linaingiaje?" Sauti ya mama ilitoka mbali.

"Kuna lango. Wapokezi wake wanalitambua, linapitishwa, halafu linakaa ukutani."

"Likishakaa, linatoka tena?"

Dada alikigeuza kile kipande cha ukili mkononi. Uongo mdogo tu ungemsaidia.

"Halitoki, mama."

Mkono wa mama ukasimama. Kivuko cha Kamanga kilipiga honi, na honi ile ilikaa chumbani muda mrefu.

"Na likishapita langoni," mama aliuliza polepole, "nani anaunga ule ukingo wa mwisho? Nani analisimika?"

"Hakuna anayejua."

"Hata hao unaowaendea?"

"Hata wao. Mpaka langoni wanajua. Baada ya hapo ni giza."

Mama alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza ameingia. "Mimi nilidhani wanajua. Nikasema, kama wanajua si wakuandikie barua? Stempu ingetosha! Kumbe huendi kuambiwa."

"Naenda kutafuta, mama."

Mama akakichukua kile kipande cha ukili, akakitia sindano, akashona kingo mbili mpaka mshono usionekane, akampa.

"Basi nenda. Na ukimwona huyo anayesimika, njoo uniambie kwa mdomo wako. Barua siitaki."

Kulipopambazuka homa ilikuwa imeshuka. Kwetu msafiri hafungi mlango. Hufunga anayebaki, naye hafungi mpaka aliyeondoka apotee machoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usigeuke."

Dada aliteremka kati ya mawe, begi begani, na ukungu wa ziwa ukampokea. Mama alibaki kizingitini hata baada ya kutoonekana mtu. Kisha akausukuma mlango, taratibu, ukajifunga.