Mdundo wa Bwana Kikohozi

Tabu wa kijiji cha Busi hakuwa mganga, na mtu akimwita hivyo alikasirika. Alikuwa mpiga ngoma. Mama yake alikuwa Mgogo wa upande wa Chamwino, naye ndiye aliyemfundisha kuibana ngoma kati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, kama wafanyavyo wanawake wa kule. Alipoolewa na Zaidi huku Urangi aliileta kichwani. Mkwewe akanuna, kisha akazoea. Popote penye mgonjwa wa pepo Tabu aliitwa. Mzee Matonya, mganga, akikwaruza zeze lake, yeye alitafuta mdundo. Kila pepo ana mdundo wake. Asipopigiwa huo hasemi, na asiposema hatoki.

Enzi hizo za Mdachi, vita vya Wazungu vilipoanza, akapita mzungu mmoja wa ndevu nyekundu akikamata vijana wa kubeba mizigo ya jeshi. Watu walimwita Bwana Kikohozi, maana alikohoa kutwa, kikohozi kikavu kama kuni zinazovunjwa. Zaidi alikamatwa akiwa shambani. Tabu aliwafuata hadi bomani Kondoa, akasimama nje ya ukuta, akasikia ngoma ya askari ikiwapigia hatua wapagazi wakiondoka. Mdundo ule aliuchukia tangu siku ile.

Mavuno yakapita, na mengine yakapita. Zaidi hakurudi. Ndipo Mwantum, dada yake Zaidi, akaugua.

Kwanza alinyamaza. Halafu, jua la utosi, watu wamejipumzisha vivulini, akatoka na kuanza kutembea uani, kwenda na kurudi, mgongo umenyooka, akipiga miguu chini kwa kishindo. Ikawa hivyo kila adhuhuri. Mwalimu wa chuoni akaja kumsomea Kurani. Mwantum alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akakohoa.

Tabu alikuwa akitwanga. Mchi ulimponyoka. Kikohozi kile alikijua.

Matonya akaitwa.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umekisikia?”

“Nimekisikia.”

“Basi unajua anataka mdundo gani.”

“Siupigi. Alinichukulia mume, leo nimpigie ngoma kama mgeni wa arusi?”

“Sikuambii umpende,” Matonya alisema. “Lakini wifi yako hali, halali. Ukimwacha, huyo mgeni atabaki na nyumba isiyo na mwenyewe.”

Tabu akarudi kwenye kinu chake. Ila kesho yake, jua lilipopanda, alikuja uani na ngoma yake.

Ubani ukafukizwa, zeze likaanza kulia. Mwantum alikaa amefunikwa kaniki, ametulia kama jiwe. Tabu alipiga mdundo wa pepo wa mlimani, akapiga wa majini, akapiga ule wa nyoka. Kaniki haikutikisika. Mwishowe akafumba macho, akapiga ngoma ya askari.

Mwantum akasimama wima. Sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya kiume, Kiswahili chake chenye lafudhi ya kizungu.

“Maji.”

Wakampa kata ya maji. Akanywa kwa muda mrefu, koo likipanda na kushuka. Aliporudisha kata, ilikuwa imejaa vilevile.

“Umefuata nini kwa watoto wa watu?” Matonya akamuuliza.

“Nilishikwa na homa porini. Wapagazi wakatupa mizigo, wakakimbia. Mmoja alibaki. Akanibeba mgongoni mpaka tukaanguka wote, tukafia hapo. Hakuna aliyetuzika. Alipoinuka kurudi kwao, nikamfuata. Njia ya kwetu siijui.”

Viganja vya Tabu vilitaka kusimama. Matonya akamkazia macho, kwani ngoma ikikatika kabla pepo hajaaga, mgonjwa haponi. Tabu akaendelea kupiga, na huku akipiga akauliza, “Aliyekubeba yuko wapi?”

Mwantum akainua kidole taratibu.

“Huyo. Amesimama nyuma yako.”

Wanawake waliokaa nyuma ya Tabu waliinuka wote, wakahamia upande wa pili wa ua bila kusema neno. Tabu akabaki na uwazi mgongoni. Jua lilikuwa likiwaka, lakini kisogo chake kilipoa kama kilichomwagiwa maji. Akasikia harufu ya jasho na ya udongo uliotoka kulimwa.

Hakugeuka. Aliuacha mdundo wa askari, akaingia katika ngoma ya mavuno aliyoipenda Zaidi, ile yenye pengo dogo katikati, ambalo mchezaji hulijaza kwa kukanyaga chini mara moja. Akafika kwenye pengo, akainua viganja.

Nyuma yake ardhi ikakanyagwa.

Machozi yakamshuka, ila mikono haikukosea. Alipofika tena penye pengo, ardhi ikajibu, mbali kidogo. Kisha mlangoni mwa ua. Kisha njiani. Na nyuma ya kishindo kile wote walisikia kikohozi, hakitoki tena kinywani mwa Mwantum, kikiifuata njia ya shambani hadi kikapotea. Mwantum akaanguka mchangani. Alipofumbua macho aliomba uji.

Tabu alikaa eda. Mwalimu alipouliza ni nani aliyeshuhudia kifo, watu wa ua ule walitazamana, kisha wakasema, “Sisi.” Wanaume wakachimba kaburi tupu pembeni mwa shamba la Zaidi, wakaliombea dua. Tabu akawaomba wachimbe na la pili, mbali kidogo.

“La nani?” wakauliza.

“La mgeni. Asipopata pa kulala atarudi kwetu.”

Walikataa katakata, wakabeba majembe yao wakaenda zao. Basi Tabu na Mwantum walilichimba wenyewe, kwa zamu, mpaka wakafika kwenye udongo mwekundu mgumu. Walipokwisha kufukia, Mwantum alisema anataka kufundishwa ngoma. Tabu akamwambia kwanza akanawe mikono.