Aliyeachwa Handakini

Kwa zaidi ya miaka ishirini Yueh-hsia aliijua bahari ya mashariki kwa picha tu, tena picha isiyo na sauti. Yeye na mumewe Kun-shan walikuwa na mashine za kufuma soksi katika chumba cha nyuma cha nyumba yao hapa Shetou, upande wa magharibi wa kisiwa, na mashine hizo zikishaanza kazi, runinga huisikii hata ukiiegemezea sikio. Jioni walitazama kipindi cha safari huku wakigeuza soksi na kuzipanga jozi jozi. Wimbi linapasuka kimya kwenye mwamba, mtangazaji anafungua mdomo kimya, na Kun-shan anajaza maneno mwenyewe.

"Hapa Taitung, mabibi na mabwana, samaki hujipara magamba wenyewe, kisha hupiga hodi jikoni."

"Na soksi wanavaa?" Yueh-hsia anauliza.

"Za kwetu. Jozi tatu kwa bei ya mbili."

Walikuwa na ahadi ya kwenda huko kwa treni, ile njia ya kusini inayopenya milima na kutokea upande wa pili wa kisiwa. Ahadi yenyewe ilikuwa ya Mwaka Mpya, kwa sababu ndio wakati pekee mashine huzimwa. Lakini Kun-shan alikuwa kifungua mimba, na meza ya wazee, yenye majina ya marehemu wa ukoo na chetezo chao, ilikuwa nyumbani kwake. Mwaka Mpya wadogo zake walikuja na wake zao na watoto, wakakuta kuku ameshachemshwa na keki ya figili imeshapikwa kwa mvuke, wakainama mbele ya meza, wakala, wakasinzia vitini. Yueh-hsia alikuwa jikoni. "Sikukuu ya watu ni zamu yangu," alizoea kusema, bila hasira, kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Na Kun-shan, akikausha vyombo, alijibu: "Mwaka ujao."

Mwaka juzi, katika msimu wa pepo za kwanza za baridi, Kun-shan alianguka katikati ya mashine mbili akiwa na uzi mkononi. Moyo. Mwaka ulipotimia jina lake likaunganishwa na majina ya wazee, na majivu ya chetezo chake yakachanganywa na yao. Mwanawe Po-hsun, fundi wa majokofu huko Taichung, akaona kwamba sasa mama yake amekuwa huru kwa sheria ya ukoo na kwa kila namna nyingine. Akanunua tiketi tatu za kwenda Taitung siku ya tatu ya Mwaka Mpya: yake, ya mama na ya bibi.

"Siendi," Yueh-hsia akasema.

"Mama, tiketi za Mwaka Mpya! Nimezigombania na nusu ya nchi."

"Mpe mwenye hamu."

"Wewe ndiye mwenye hamu. Tangu nizaliwe nasikia Taitung, Taitung."

"Tulisema tutakwenda wawili."

"Baba amekufa, Mama."

"Ndiyo maana siendi."

Bibi A-mien, mama yake Kun-shan, alikuwa amekaa mlangoni akikata mapera na kuyatupia chumvi. Ana miaka themanini na sita, na masikio yake husikia yanachotaka. "Mnabishana kama watu wanaogombea mzigo," alisema. "Si achukuliwe?"

"Achukuliwe vipi, Bibi?"

"Kijiko cha majivu ya chetezo kwenye kifuko chekundu. Mimi ndiye niliyemzaa. Huyo tangu utotoni alipenda kubebwa."

Walimwuliza mtunza hekalu wa mtaa. Mzee yule alijikuna shingo, akasema hajawahi kusikia jambo hilo likifanywa kwa ajili ya matembezi, ila pia hajawahi kusikia likikatazwa. Kwa Yueh-hsia hiyo ilitosha. Alishona kifuko mwenyewe, akakivaa shingoni chini ya sweta, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akaanza kuuliza hali ya hewa ya mahali pengine.

Kulikuwa na sharti moja, na Bibi A-mien alilirudia hadi likachosha. Marehemu haoni njia, hufuata sauti. Kwetu gari la maiti likikaribia daraja au likiingia handakini, mtoto humwita baba yake kwa nguvu, amwambie mbele kuna nini, asije akabaki nyuma. Basi na safari hii ni hivyo hivyo. Kila daraja aitwe, kila handaki aitwe.

Po-hsun aliweka uso katika viganja. "Bibi, ile reli ya kusini haina kitu kingine. Ni daraja, handaki, daraja, handaki, mpaka Taitung."

"Vizuri. Hatutasinzia."

Walipanda asubuhi. Kwenye madaraja ya uwanda wa magharibi waliita kwa kunong'ona, na Po-hsun aliivuta kofia mpaka puani. Bibi A-mien hakuwa mtu wa kunong'ona. "Kun-shan! Mto! Pita katikati, usiangalie chini!" Upande wa pili wa njia ya kupitia aliketi mwanamume mnene mwenye gunia la vitunguu katikati ya magoti. Alivumilia mito mitatu.

"Samahani, Bibi. Mnamwita nani?"

"Mwanangu."

Mtu wa vitunguu akaangalia chini ya viti, akaangalia nyuma. "Yuko wapi?"

"Shingoni mwa mkewe."

Yueh-hsia akatoa kifuko, akakionyesha, akakirudisha. Mtu yule akavua kofia. "Pole sana. Na ana tiketi?"

"Wazee tunalipa nusu," Bibi A-mien akasema. "Hesabu mwenyewe wafu wanalipa ngapi."

Baada ya kituo cha Fangliao milima ilisogea, na mahandaki yakaanza. Hapo Yueh-hsia aliacha kuona haya. Aliita kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kusemea mtu aliye chumba cha pili, na kila wito aliuongezea habari kidogo. "Kun-shan, tunaingia, ni giza, shika mkoba wangu. Haya, tumetoka. Kuna miembe, matunda yamefungwa mifuko. Tunaingia tena." Katika handaki lile refu kuliko yote, linalopenya uti wa mgongo wa kisiwa, alikishika kifuko kwa mikono miwili na hakunyamaza mwanzo hadi mwisho. Mtu wa vitunguu naye akaanza kusaidia. "Ndugu Kun-shan, bado kidogo!" Hata Po-hsun alisikika mara moja, akiwa ameelekeza uso dirishani, akisema, "Baba, huku."

Kisha mlima ukaisha, na bahari ikawa pale.

Madirisha ya treni ile hayafunguki. Wimbi lilipasuka juu ya mawe bila sauti yoyote, povu likapanda na kushuka, maji yakawa na rangi tatu hadi mwisho wa macho. Yueh-hsia alibandika paji la uso kwenye kioo. Aliijua. Ilikuwa ileile, kimya vilevile. Kabla hajajua anafanya nini alikuwa anacheka, na midomo yake inatamka, "Hapa, mabibi na mabwana..." Bibi A-mien alikuwa ameshindwa na usingizi. Po-hsun alikuwa amekwenda msalani. Mtu wa vitunguu alikuwa akitafuta simu chini ya gunia.

Giza likaja, likakaa, likaondoka. Kwenye kioo kilichokuwa cheusi Yueh-hsia aliona uso wa mwanamke anayetabasamu, na ilimchukua muda kutambua kwamba ni wake. Bahari iliporudi ndipo akaelewa giza lile lilikuwa nini.

Akasimama. "Sikumwita."

Bibi A-mien akafumbua macho. "Wapi?"

"Hapo. Handaki. Limepita, sikumwita."

"Lipi? Refu?"

"Sijui, Mama! Nilikuwa natazama maji!"

Po-hsun alirudi akamkuta mama yake ameshika kitasa cha mlango wa behewa, anataka kushuka kituo kinachofuata na kurudi nyuma kwa miguu kandokando ya reli. Alimkalisha. Alimweleza, kwa subira ya mtu aliyezoea wateja wenye majokofu mabovu, kwamba handaki lina mlango mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea, na kwamba hata mtu asiyeitwa hawezi kupotea humo.

"Baba yako alipotea hospitali," Yueh-hsia akasema. "Akiwa hai. Na vibao ukutani. Walimkuta chumba cha kufulia."

Hilo lilikuwa kweli.

Yueh-hsia hakulia. Alikaa wima, mgongo kwa bahari, mkono juu ya sweta, na kila handaki lililobaki aliita kwa sauti iliyokauka, kwa heshima tu, kama mtu anayebisha hodi nyumba anayojua imehamwa. Baadaye alieleza kwamba kilichomkata si kusahau. Watu husahau. Ni kwamba kwa zaidi ya mwaka, akipika, akilala, akiendesha mashine, hakumsahau hata kidogo. Alimsahau dakika ile moja aliyofurahi. Akajiona amefika Taitung peke yake kwa hiari yake, na mtu aliyetaka kuja naye miaka yote yuko gizani ndani ya mlima, anasikiliza.

"Muulizeni mwenyewe," mtu wa vitunguu akasema hatimaye. "Sarafu mnazo?"

Anayetaka jibu la marehemu kwetu hurusha vipande viwili vya mbao mbele ya meza ya wazee. Njiani sarafu mbili hutosha. Zikilala moja kichwa na moja namba, ni ndiyo. Zote namba, ni hapana. Zote vichwa, marehemu anacheka tu, na swali huulizwa upya. Bibi A-mien alikubali, lakini si ndani ya treni. "Zitabiringika chini ya viti, atajibiwa mtu mwingine."

Kwa hiyo ilikuwa kwenye jukwaa la stesheni ya Taitung, kando ya nguzo, abiria wakipita na masanduku yao. Yueh-hsia alitandika skafu yake sakafuni, akapiga magoti. Alitaja jina la mumewe na anwani ya nyumba yao, kama inavyotakiwa. Mtu wa vitunguu, ambaye alikuwa anangojewa nje na shemeji yake, aliweka gunia chini akasubiri naye.

"Kun-shan. Kama umefika nasi, niambie. Kama umebaki kule, niambie, nije nikuchukue."

Akarusha. Vichwa viwili.

"Anacheka," Po-hsun akasema taratibu. "Rudia."

Akarudia swali neno kwa neno. Vichwa viwili.

Alifuta sarafu kwa skafu, akazipulizia, akauliza mara ya tatu, na sauti ikamkatika kwenye neno "kule." Moja ilitulia mara moja, kichwa. Ya pili ilizunguka kwa ubavu, ikazunguka, mtu wa vitunguu akawa anaizungukia naye kwa kichwa chake, ikalala. Kichwa.

"Hajibu," Yueh-hsia akasema. "Mama, hataki kunijibu. Amekasirika."

Bibi A-mien aliegemea fimbo yake akamtazama mkwewe.

"Yueh-hsia. Huo ujinga ulizaliwa nao au ulipewa kwetu kama mahari?"

"Mama?"

"Unamuuliza yupo au hayupo. Anacheka. Unamuuliza tena, anacheka. Sasa niambie: asiyekuwepo anachekaje?"

Treni iliyowaleta ilifunga milango nyuma yao. Po-hsun, ambaye angeweza kueleza mambo kadhaa kuhusu sarafu na namna zinavyoanguka, alifungua mdomo, akamwangalia mama yake, akaufunga.

"Bibi kamaliza," mtu wa vitunguu akasema, akabeba gunia lake.

Yueh-hsia alibaki amepiga magoti. Kilichotangulia kushuka ni mabega. Yalikuwa juu tangu baharini, pengine tangu siku ile ya uzi mkononi. Kisha pumzi ndefu ikamtoka, na nyingine, na katikati ya ya tatu akaanza kucheka, kicheko kibaya cha kwikwi kilichomlazimu kushika nguzo. Mlinzi wa stesheni alikuja haraka kuuliza kama mama ameumia.

"Hapana," Bibi A-mien akamwambia. "Mumewe amemtania."

Mlinzi akatafuta mume kwa macho, hakumwona, akaamua kutouliza.

"Mama, uko sawa?" Po-hsun akauliza. "Nikuletee maji?"

Yueh-hsia alifuta macho kwa skafu, akamrudishia mwanawe sarafu zake.

"Njaa," alisema. "Nina njaa sana."

Walinunua chakula cha boksi pale pale stesheni, wali na nyama ya nguruwe na yai la kuchemshwa kwa chai, wakakaa kwenye benchi juani. Alikula chote bila kuinua kichwa, akachukua na yai la mwanawe, na Bibi A-mien akamsogezea la kwake kabla hajaombwa.