Nimedaiwa Kisima cha Mhadhiri Wangu

Jamani, leo nimedaiwa kisima hapa Isiolo mjini!

Anayenidai ni Mama Halima, jirani yetu wa zamani kule Gotu.

Miaka ya themanini nilikuwa chuo kikuu nikisoma siasa, nikataka kuhamia ualimu. Mhadhiri aliyekuwa mshauri wangu wa masomo alikuwa na safari ya huku, akapitia nyumbani anishawishi nisiache.

Shida ni mama yangu. Alikuwa ameshatangaza kwa majirani: "Mkubwa wa siasa anakuja!"

Basi mbuzi akachinjwa, watu wakajaa. Mgeni hata hajamaliza chai, akaombwa ahutubie.

Nikajua atasema yeye ni mwalimu tu.

Wapi! Makofi yalimpanda kichwani. Akaahidi: "Kisima mtapata!"

Masomo yangu hakuyataja hata kidogo. Aliondoka na paja la mbuzi, mimi nikahamia ualimu.

Leo nimejitetea: "Mama Halima, yule hakuwa mbunge. Alikuwa mshauri wangu wa masomo."

Akaniangalia kwa huruma.

"Wabunge walikula mbuzi, kisima hakuna. Huyo wako alikula mbuzi, kisima hakuna. Sasa tofauti ni gani?"

Mliomaliza hiyo siasa, mjibuni. Mimi niliacha.