Nimetua Kwenye Mihogo ya Bibi wa Magindu

Jamani, leo nimeangukia shamba la watu!

Wanawake wa Kibaha na Kisarawe tumeruka pamoja kwa parachuti kuichangia zahanati ya Magindu wodi ya wazazi. Rekodi ya wanawake wengi kuruka kwa pamoja tumeivunja!

Wenzangu wakatua uwanjani. Mimi upepo ukanipeleka kwenye mihogo ya bibi mmoja. Huyo anakuja na jembe!

"Shikamoo, bibi. Nisamehe."

"Marahaba. Mnatafuta nini huko juu?"

Nikamweleza.

Akaliegemea jembe lake. "Zahanati ile tuliijenga sisi, enzi za Ujamaa. Nilibeba mawe kichwani huku nina mimba."

Machozi yakanitoka.

Rubani wetu, mliokunja maparachuti, mliotupikia: asanteni sana. Mmetubeba.

Picha ndiyo hii. Aliyesimama katikati ni bibi. Mpeni maua yake!