Chuma Chenye Nusu Uhai

Niliamini, na ningeapa kwa Biblia na Msahafu kwa pumzi moja, kwamba Wajerumani wametengeneza chuma chenye nusu uhai ndani yake, na mgonjwa akikigusa, ile nusu inamhamia. Habari niliinasa dukani Kasulu, kwenye redio yenye mngurumo wa kung'oa mabati. Mtangazaji alisema wamegonganisha madini ya risasi na nikeli, ikazaliwa elementi mpya isiyokuwapo duniani, na nusu uhai wake ni... Lori likapita, mwisho sikuusikia. Sikuuhitaji! Kufika jioni, nikiingia darasa letu la watu wazima, nusu ya mji ilikuwa imeshaipata kwangu.

Dada yangu alikuwa Kibondo, ana uvimbe shingoni. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani kwa maneno ya upole, yale ambayo hayahitaji kufafanuliwa. Nikampelekea habari ya chuma changu. Mumewe, aliyekimbia Burundi na shati la mwilini tu, akanikatiza.

"Muramu," akaniita shemeji kwa Kirundi, "risasi izae uhai? Za kwetu zilizaa makaburi."

"Hii ni ya maabara, si ya bunduki!"

"Mwache mdogo wangu," dada akasema, sauti imebaki ya jani kavu. "Nusu inanitosha. Nivune maharage yangu, nimwone huyu mtoto wa mgongoni akitembea."

Tangu hapo, kila nikienda:

"Chuma chako kimefika wapi?"

"Kiko Dodoma, dada, treni nzima imebeba hicho tu!"

Alicheka ameshika shingo. Maharage yalipochanua, nilikuwa nimekifikisha Tabora. Yalipofunga maganda, kiko Uvinza, na yeye hageuki tena bila kushikwa. Maharage yale tuliyavuna sisi, tukawapikia waliokuja matangani.

Lakini kabla ya hapo, mwalimu wangu wa fizikia wa lile darasa la jioni alipita Kibondo, nikamleta amjulie dada hali. Salamu hazijaisha, dada akauliza:

"Mwalimu, kile chuma cha Wajerumani, nitakigusa au nitakimeza?"

Mwalimu akanitazama. Mimi, mtu wa maneno elfu, nikamsogezea kigoda. Akakivuta, akakaa karibu na kichwa cha dada.

"Mama, hakuna cha kugusa. Walipata chembe chache tu, hata jicho halizioni. Nusu uhai si uhai wa kumpa mtu. Ni muda wa nusu ya chembe zote kuoza, kugeuka kitu kingine. Na hizo, kabla hujapepesa jicho, zimekwisha."