Kitako cha Gorogoro

Magoti ya mama mkwe wangu yalipokataa kukaa chini, alinirithisha nafasi yake katika soko la Gachoka: gunia la ndengu, turubai, na ile gorogoro ya bati aliyopimia tangu mume wangu akiwa mtoto. Nami nilijisifu nayo! Kila mteja nilimjazia mpaka juu, kisha nikamwongezea kiganja kimoja kama Mama alivyonifunza. Nilidhani huo ndio ukarimu.

Siku moja ya soko, mwalimu mmoja ninayesali naye alirudi na ndengu zangu pamoja na gorogoro yake ya nyumbani. Akazimimina mbele yangu. Hazikufika juu, hata na kiganja.

"Jumapili unatuongoza kwa maombi," akasema, "na mimi naitikia Amina."

Nilitia mkono ndani ya gorogoro yangu. Kitako kilikuwa kimebonyezwa kuelekea juu, kimevimba kama andazi. Miaka miwili napima, sijawahi kuipindua niangalie! Niliona aibu, halafu nikachemka.

Nilimkuta Mama uani akichambua maharagwe.

"Mama, nani alibonyeza gorogoro?"

"Soko zima wamebonyeza," akasema bila kuinua macho. "Ndiyo maana tunaongeza kiganja."

"Basi nitainyoosha siku ya soko, watu wakiona."

Hapo akanitazama. "Mimi nakaa kiti cha mbele kanisani. Wakikuuliza, sema ilianguka. Ukiniaibisha, nafasi yangu utairudisha."

Nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa inatulisha. Niliomba, na kusema kweli nilikuwa naomba ruhusa ya kudanganya kidogo tu. Sikuipata. Nikaamua: sitasema ilianguka, hata nikirudi kulima vibarua.

Siku ya soko nilifika na jiwe. Kabla ya kufungua gunia nikaita kwa sauti: "Gorogoro yangu imewapunja! Leo nainyoosha. Aliyenunua kwangu juma lililopita aje nimjazie."

Majirani wakacheka. "Mchungaji wa ndengu amefika!" Mmoja hakucheka. "Unatuharibia kazi," akaniambia.

"Nyoosha yako," nikamjibu.

Ndipo mteja mmoja akauliza, "Na nani aliibonyeza?"

Woi. Lile neno lilikuwa tayari ulimini. Nikalimeza.

"Haikuanguka," nikasema, nikalishika jiwe.

Nikasikia fimbo ikigonga mawe nyuma yangu. Mama alikuwa ametembea polepole tangu nyumbani, kitambaa chake cha kanisa kichwani. Alinishika bega, akajishusha kidogo kidogo, akakaa chini kwenye turubai na yale magoti yake.

"Lete hilo jiwe," akasema, soko likisikia. "Niliipiga mimi. Nitainyoosha mimi."